Gari Lililoliwa na Mchwa

Gari la baba yangu lililiwa na mchwa. Halikuoza kwa kutu, halikupata ajali, wala halikuibwa. Mchwa walilila kuanzia chini kwenda juu, wakamaliza nguzo za ubavuni, wakaingia milango ya nyuma, wakaacha rangi imesimama peke yake kama ganda la yai. Siku Baba aliposhika kitasa afungue, mlango mzima ulimbakia mkononi na unga ukamwagikia viatu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja niripoti shule ya sekondari ya wasichana Masasi, na barua ilisema wazi kwamba mwisho ni Jumamosi saa sita mchana. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa aliyeko kwenye orodha ya akiba.

Mjukuu wangu nilipomsimulia habari hii alicheka mpaka akaweka simu chini, jambo ambalo kwake si la kila siku. "Bibi, gari linaliwaje na mchwa?" Nikamwambia akae vizuri. Akakaa, kisha akauliza kama lilikuwa na kiyoyozi. Nikaona afadhali niwaandikie wenzangu wa rika langu, ambao hawahitaji kuelezwa kila kitu.

Enzi zetu pale Chilangala gari tulilitambua kwa sauti kabla halijaonekana. Tulikuwa tukicheza magari yetu wenyewe, ya mabua ya muhogo na magurudumu ya kandambili zilizokatika, nguo zimejaa madoa ya mabibo ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Mmoja akiinua kidole, wote tunanyamaza. Lori la korosho liliguna kama mtu anayebeba gunia. Basi lilipiga kelele nyingi kuliko mwendo. Lakini yalikuwepo magari matatu ambayo sauti zake hazikufanana na za gari jingine lolote, na hayo tuliyakimbilia hata kama ming'oko, viazi vyetu vya porini, ilikuwa ndiyo kwanza inaepuliwa jikoni.

Yalikuwa magari ya Kitaliano. Waliyaacha mafundi wa Kitaliano waliokuja kutengeneza barabara. Walipomaliza kazi wakayauza papo hapo, wakaenda zao. La kwanza alilichukua Padri wetu. Lilikuwa saluni ya milango minne, nyeupe, lenye pembe kila mahali: sanduku dogo mbele, sanduku kubwa katikati, sanduku dogo nyuma. La pili alilinunua Mzee Hamisi, mwenye duka Newala mjini. Hilo lilikuwa jekundu, la milango miwili, chini kama paka anayenyemelea, paa lake likiteremka kutoka kichwani mwa dereva mpaka kwenye taa za nyuma bila kusimama popote. La tatu, ambalo hakuna aliyeligombania, akalipata Baba kwa mshahara wake wa ualimu.

Lilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza. Lilikuwa dogo, na pua yake ya mviringo ilikuwa ya bati, lakini kuanzia mlango wa dereva kwenda nyuma mwili wake ulikuwa umejengwa kwa fremu ya mbao na vibao vyembamba, ukapakwa rangi ya maziwa. Nyuma lilikuwa wazi ndani, bila buti, na milango miwili iliyofunguka kama ya kabati la vyombo. Juu lilifunikwa turubai. Wenyewe huko Italia, alituambia aliyeliuza, waliliunda hivyo wakati mabati yalikuwa haba baada ya vita, na wakulima walilipenda.

Fundi Likonde, mchongaji wa vinyago jirani yetu, aliyaona yote matatu siku moja yakiwa yameegeshwa nje ya kanisa kwenye harusi. Aliyazunguka polepole, mikono mgongoni, kisha akatoa hukumu ambayo nimeikariri mpaka leo. Saluni ya Padri: "Hili limechorwa kwa rula. Halina kosa, na halina utamu." Lile jekundu alilipapasa ubavu kwa kiganja kizima: "Aliyelichonga hili hakuinua patasi mpaka alipofika nyuma." Halafu akafika kwetu. Akaangalia sana. "Na hili limetengenezwa na seremala mwenye watoto wengi."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini Mama hakucheka. Mama alikuwa na kipimo chake kimoja cha gari: debe. Nyinyi mliolelewa juu huku mnajua. Maji yalikuwa chini bondeni, na wanawake waliteremka alfajiri na kupanda jua likiwa kali, debe kichwani. "Linabeba debe ngapi?" ndilo swali lake. Saluni ilibeba madebe manne kwenye buti, na kifuniko hakifungi mpaka kifungwe kwa kamba ya katani. Jekundu lilibeba moja, tena mapajani mwa abiria, na abiria akafika ameloa. Letu lilibeba manane na mimi juu yake. "Basi," alisema Mama, "hayo ya patasi mwambieni Likonde akanywe."

Sasa nifike kwenye kosa letu, kwa sababu lilikuwa letu na si la mtu mwingine. Mwaka ule petroli ilikuwa ya shida, na Baba akaamua kulilaza gari mpaka hali itengemae. Alifanya kama walivyofanya wote wenye akili: akavua magurudumu manne, akayahifadhi chumbani chini ya kitanda matairi yasipasuke kwa jua, na gari akalikalisha juu ya magogo. Magogo ya mwembe. Wasomaji wa kwetu mmeshaelewa. Sisi ghala la muhogo tunalisimamisha juu ya nguzo zilizochaguliwa, tunamwaga majivu kila mguu, tunakagua kila wiki. Kinyago hakilazwi chini hata saa moja. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua mti upi mchwa wanaupenda na upi wanaupita. Lakini gari ni chuma. Tangu lini mtu akamwagia gari majivu? Watu wa mti tulisahau kwamba gari lile lilikuwa mti.

Miezi mitano lilikaa. Barua yangu ya kuchaguliwa ilifika imechelewa, mvua zimeshaanza, na basi lilikuwa limekwama chini ya mteremko tangu Krismasi. Malori ya korosho yalikuwa yameacha kupita. Hapo ndipo Baba alipokwenda kushika kitasa.

Nilikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kufaulu darasa la saba kwenda mbele. Hata shangazi zangu waliosema msichana anasomea nini waliacha kusema baada ya barua. Shule ilidai sanduku la bati lenye kufuli, godoro, jembe, ndoo na mablanketi mawili. Bila vitu hivyo unarudishwa, na ukirudishwa siku ya mwisho ndiyo basi. Baba alikaa kibarazani akiutazama ule unga, kisha akainuka akaenda kwa Padri.

Padri alikubali papo hapo. "Mwalimu, binti ni wa kanisa zima." Kesho yake aliitwa kumpakia mgonjwa, na njiani, kwenye utelezi, malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu, katikati kumebaki tuta. Saluni ilikuwa ndefu na tumbo lake lilikuwa chini. Likakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia, magurudumu yakizunguka hewani. Watu ishirini walilinyanyua, na walipomaliza lilikuwa linavuja mafuta yote. Padri alikuja mwenyewe nyumbani, kanzu imejaa udongo mwekundu. "Mwalimu, nisamehe. Gari langu ni la lami."

Zikabaki siku kumi. Mzee Hamisi, aliyesikia habari zetu, akapanda na lile jekundu kutoka mjini, akapiga honi tangu kwenye mkorosho wa kwanza. Watoto wote wa kijiji walikuja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Leo utafika Masasi kama barua ya upepo."

Nilipanda. Kiti kilinikumbatia, mbele yangu kulikuwa na saa za duara zenye vioo, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilisahau shule. Kisha likaletwa sanduku. Kwenye buti halikuingia. Kina chake kilikuwa cha kulaza mkeka. Wakajaribu kulipitisha mlangoni, wakalipindua, wakalisimamisha, wakakunja kiti. Kiti cha nyuma cha gari lile kiliwatosha mbuzi wawili wadogo, tena wanaopendana. Mzee Hamisi akasema lifungwe juu ya paa. Lilifungwa. Lakini paa lilikuwa na ule mteremko ambao Fundi Likonde aliusifu, na gari lilipoondoka tu, sanduku likateleza taratibu, kwa heshima zote, mpaka likatua nyuma kwenye matope.

"Hamisi," Mama akamwita kutoka jikoni, "gari lako ni zuri sana. Lina nafasi ya kioo na kitana."

"Mama Agnes, hili gari ni la mtu kwenda kuonekana," akajibu bila kukasirika. "Kuhama siyo kazi yake. Mwacheni binti aende, vitu vitafuata."

Nikashuka. Nilisema siendi bila vitu vyangu, kwa sababu nitarudishwa langoni, na aliyeko kwenye orodha ya akiba ataingia huku mimi natazama. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa nimewahi kuwakatalia wakubwa wawili kwa pumzi moja.

Jioni ile Fundi Likonde aliitwa. Alivua vile vibao, akagonga chasi kwa nyundo, akasikiliza. Chuma kilikuwa kizima na injini ilikuwa nzima. Akasema mninga anao, mkavu wa miaka mitatu, na mninga mchwa huupita. Ila alikuwa na ombi. Kwa kuwa anachonga upya, kwa nini achonge kabati? Amelitazama lile la Hamisi, ameshaelewa mstari wake. Atashusha paa taratibu kuelekea nyuma. "Mwalimu, tutakuwa na gari jekundu la mti." Baba, ambaye tangu harusi ile alikuwa akimeza kicheko cha watu, niliona macho yake yanawaka. Mzee Hamisi akamuunga mkono. Wanaume watatu walianza kuchora mchangani kwa vijiti, na kila mmoja alishusha paa kuliko mwenzake.

Sikusubiri wamalize. Niliingia ndani nikaburura sanduku langu mpaka kwenye chasi, nikaliweka. Nikaleta godoro nikaliviringisha kando yake. Nikaleta ndoo na jembe. Kisha nikapanda juu, nikaketi, mgongo umenyooka.

"Fundi," nikasema, "chonga kuzunguka hapa."

Baba angeweza kunitandika, na enzi zetu hakuna ambaye angeuliza. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mmesikia vipimo," akasema.

Fundi Likonde alikata ufito, akapima kutoka kwenye sakafu mpaka utosini kwangu, akaongeza vidole vinne vya kuruka mashimo. Ndivyo urefu wa paa la gari lile ulivyopatikana, na mpaka leo ukisimama kando yake utaona kimo cha mtoto wa miaka kumi na minne aliyeketi juu ya sanduku.

Kazi ilichukua siku tisa. Nguzo zilishikwa kwa vigingi, bila msumari hata mmoja, kwa sababu alisema msumari hulegea, kigingi kikinyeshewa hubana. Nilikuwa nikimpelekea korosho za kuchoma na uji, na kila nikifika nahesabu nguzo. Jambo moja tu alikataa kushindwa. Milango ya nyuma alisema haiwezi kubaki mitupu. Mti aliouchonga yeye hautoki bila uso. Akachonga sura moja kubwa iliyogawanyika katikati, jicho moja mlango huu, jingine mlango ule, midomo imekutana kwenye komeo. Baba akauliza ni nani. "Ni yeye mwenyewe gari," akajibu.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri kwa petroli aliyotupa Mzee Hamisi, Baba kwenye usukani, mimi nyuma juu ya sanduku. Mama alinipa korosho kwenye kitambaa, akaniambia neno moja: "Usigeuke." Pale Padri alipokwama, gari letu lilikuwa jembamba na jepesi, Baba akapandisha gurudumu moja juu ya tuta na jingine ukingoni, tukapita kama mtu anayetembea juu ya gogo. Injini ilikuwa na sauti ya cherehani. Kuteremka lilijua. Tatizo lilikuwa kila baada ya korongo, ng'ambo, kuna kilima, na nguvu zake za mbele hazikutosha. Baba akaligeuza. Gia ya rivasi ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na tukapanda vilima vyote kinyumenyume, Baba shingo imepinda, na ule uso wa Fundi Likonde ukitangulia.

Wanawake waliokuwa wakishuka na madebe walituona tukitokea kwenye ukungu, uso mkubwa wa mti unapanda kilima, hakuna dereva anayeonekana. Mmoja alitupa debe. "Nnungu wangu! Kinyago kinakwenda Masasi!" Baba akatoa kichwa dirishani, "Ni mimi, Mwalimu!" na wakatutukana kwa nafuu, tukatukanika kwa furaha.

Tulilala Lulindi kwa shangazi, mto ulikuwa umejaa na tulingoja upungue. Nakumbuka kisamvu chake cha karanga, nakumbuka mvua kwenye makuti, na kwamba nililala nimeshika ufunguo wa kufuli. Kisha nakumbuka lango la shule na kengele ya kanisa ikilia. Mkuu wa shule, mama mrefu aliyeogopwa wilaya nzima kwa kutopokea visingizio, alitoka na daftari lake akalizunguka gari.

"Hili ni gari au kabati?"

"Gari, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Limetoka wapi?"

"Italia, Mama."

"Na huo uso?"

"Huo umetoka Chilangala."

Alitazama sanduku, godoro, jembe, ndoo, mablanketi. Alinitazama mimi. Akafungua daftari akaandika, akasema niende bweni la pili.

Leo barabara ina lami. Magari yanapita Newala mpaka Masasi muda wa kupika wali, na yote yanafanana kama mikate ya tanuri moja. Wajukuu wanayatofautisha kwa kelele za redio. Saluni ya Padri iliuzwa vipuri. Jekundu la Mzee Hamisi, nasikia, lilinunuliwa na mtu wa Dar es Salaam anayelitoa siku za harusi tu, kwa hiyo linaendelea na kazi yake. Letu liko Chilangala, mninga haujaguswa, ingawa injini ilikufa zamani. Nimeshamwambia fundi wa Masasi atafute nyingine na sitaki habari za kwamba haipatikani. Na siku hizi nafasi za shule zinathibitishwa kwa simu. Dakika ikipita, mtandao unafunga, na hakuna wa kumwonyesha godoro lako. Ni haki zaidi, labda. Lakini enzi zetu kati ya mtoto na lango alikuwepo mtu mwenye kalamu.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo ambalo sijalimaliza. Baba alipofariki nilirithi vitabu vyake vya kumbukumbu. Aliandika kila siku ya maisha yake, mwalimu wa hesabu, sijawahi kukuta kosa la tarehe. Siku ile ameandika: "Jumapili. Tumelala Lulindi usiku wa pili. Tumefika Masasi baada ya ibada. Agnes amepokelewa."

Mwaka jana nilikwenda shuleni nikaomba daftari la mwaka wetu. Walilipata, kurasa zimekuwa za rangi ya chai. Jina langu liko pale, kwa mwandiko wa yule mama: Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi. Nilimwuliza kila aliyebaki hai, hakuna anayekumbuka. Mimi mwenyewe nakumbuka kulala mara moja, lakini nilikuwa nimechoka, na kengele ile ililia Jumamosi na Jumapili vilevile.

Na juu ya jina langu, mstari wa mwisho kabla yangu, kuna jina la msichana mwingine, labda yule wa orodha ya akiba, lililoandikwa likakatwa kwa wino uleule. Nimelisoma kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia, na herufi ya kwanza tu ndiyo inayoonekana.